Dawa kwa Zamu

Kidole changu cha shahada hakinyooki tena. Nikiketi kwenye tahiyatu nikakiinua, kinasimama kimepinda kama ndoana, na nina hakika Mola anaelewa kilichokusudiwa. Ndicho kidole ninachoongozea kitambaa chini ya sindano ya cherehani, na kwa wiki nyingi sikujua kama nitatoka nacho hospitali au nitakiacha humo. Misimu miwili ya mvua imepita tangu hapo. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye kidonda kinachofunga leo na kufunguka kesho kutwa, na hasa kwa mwanamke mwenye kidonda cha namna hiyo ambaye pia ana mke mwenza.

Nilizaliwa kwenye kota za magereza, Jinja. Baba alikuwa askari wa gereza, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, wakati majirani zangu wa hapa Wanyange, nje ya mji, wanakiona ni lugha ya jeshi. Nashona magomesi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, kibarazani kwangu. Mume wangu Siraji anauza vitambaa. Alipofungua duka la pili huko Mbale alioa mke wa pili, Sauda, binti wa watu wa Nakaloke, akampangia nyumba huko huko, mtaa wa Malukhu. Alinieleza kwa heshima. Alisema mgawanyo utakuwa wa haki, wiki kwangu, wiki kwa Sauda, na Jumapili ndiyo siku ya kuhama. Nilimjibu kwamba sina neno. Nilikuwa nayo mengi mno, ndiyo sababu sikulipata la kuanzia.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Si wivu wa kupiga kelele wala wa kuchana nguo za mtu. Wangu ni wa kuhesabu. Siraji akiingia Jumapili baada ya alasiri badala ya adhuhuri, nilijua Sauda kaniibia saa tatu na nusu, na nilizibeba saa hizo wiki nzima. Akinisifia mchuzi nilijiuliza kaulinganisha na upi. Zaidi ya yote nilikuwa nachunga siku zangu saba zisipungue. Mwaka mmoja kabla ya kidonda hiki malaria ilinikamata katika wiki yangu, na Siraji, kwa huruma zake, akaniambia, "Wewe pumzika, Mama Rehema, mimi nisikusumbue," akapanda gari la Mbale siku tatu kabla ya wakati. Niliapa kwamba sitaugua tena mbele yake.

Rehema ni binti yangu mkubwa. Yeye na mdogo wake walikwisha olewa, na wiki za Malukhu nyumba ilikuwa kubwa kuliko mimi. Hapo ndipo paka alipoingia. Alitokea upande wa kota, dume la kijivu, akazunguka ua polepole kama anakagua wafungwa, nami nikamwita Afande. Nilimpa mukene, wale dagaa wa ziwa letu, na jioni ya pili tu alikuwa kitandani, upande wa Siraji. Siraji akija, Afande anahamia kibarazani. Akiondoka, anarudi. Naye alikuwa na zamu yake, tena aliikubali vizuri kuliko mimi.

Mwanzoni mwa mvua ndefu Afande alirudi kutoka kupigana, sikio limechanika na usaha unatoka. Nilimshika nimsafishe, akanipiga kucha kwenye kidole, chini ya kiungo cha katikati. Mkwaruzo mdogo. Niliunyonya damu, nikaendelea kushona. Siku ya tatu kidole kilikuwa chekundu na kizito.

Musawo, yaani mganga, wa duka la dawa, mwanamke mpole anayenijua tangu zamani, alinifungia vidonge vya rangi mbili kwenye karatasi. "Hii ni ya siku tano, mama. Moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Hata ikipoa, wewe meza tu."

"Nimesikia," nikasema, na ni kweli nilisikia.

Siku ya pili maumivu yalipungua. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Nilivificha vidonge ndani ya kopo la vifungo, nikafunga kidole kitambaa safi, na Siraji alipouliza nikasema pasi imeniunguza. Wiki hiyo nilipika, nikafua, nikacheka. Kidole kilivimba ndani ya kitambaa chake, nami nikakikalia kimya. Siraji alipopanda gari la Mbale nilifungua kopo nikarudia dawa pale nilipoachia. Vidonge vingine nilivifungua nikampaka Afande unga wake sikioni, na vingine nikachanganya na mukene wake. Niliona ni uungwana, mgonjwa kumgawia mgonjwa.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda. Wiki ya Sauda nilimeza, wiki yangu niliacha. Kidole kilipoa kidogo kikarudi kibaya zaidi, nikanunua dawa nyingine yenye jina refu, nayo nikaipa zamu. Wiki zangu nne zilipita hivyo na Siraji hakukosa hata usiku mmoja. Nilijiona mjanja.

Mwili nao ulikuwa na hesabu yake. Ukucha uliinuka ukawa kama mlango uliong'oka bawaba. Ngozi ikawa na rangi ya zambarau iliyoiva. Kulikuwa na harufu, na nilipika vitunguu vingi kuifunika. Kwapani palitoka uvimbe mkubwa kama yai. Gomesi la harusi ya mteja nililishona kwa mkono wa kushoto, likaharibika mabega, na nikamlaumu aliyelikata, ingawa aliyelikata ni mimi.

Homa ilikuja wiki ya Sauda. Nilitetemeka siku mbili na simu iko chini ya mto. Kumwita Siraji ilikuwa ni kuiba zamu, na sikutaka yule mwanamke apate la kusema. Jirani yangu, muuza samaki, ndiye aliyenikuta sakafuni na Afande kanilalia miguuni. Alinipakia kwenye boda, yeye nyuma akinishikilia, tukaenda hospitali.

Kuhusu chumba cha kusubiri nitasema jambo moja tu. Unakaa kwenye benchi, mtu wa mbele akiitwa wote mnasogea tako moja, na benchi limebaki na joto la mgonjwa mwenzako. Asubuhi nzima nilikalia joto la watu. Lilinituliza kwa namna nisiyoweza kueleza. Muuza samaki akanisimulia habari za bei ya sangara mpaka jina langu likaitwa.

Walinichoma sindano siku tatu. Kidole hakikujali. Daktari wa zamu alikigeuza huku na huku, akasema hizo dawa haziwezi tena kitu, na kwamba ubaya ukipanda kiganjani watalazimika kukikata. Nilimwomba asubiri. Jioni hiyo Siraji alisimama mlangoni mwa wodi, katikati ya wiki ya Sauda. Mungu anisamehe, nilifurahi kwanza, ndipo nikakumbuka kidole.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Jirani yako alipiga simu, Sauda akaishika. Ni yeye aliniambia nipande gari saa ileile. Anasema Mbale kuna daktari anapima usaha kabla ya kutoa dawa. Tuende kwake."

Furaha yote ikanitoka. Hata siku hizo nilizodhani nimemwibia Sauda zilikuwa zawadi yake.

Tulipita barabara ya Tirinyi, kichwa changu begani kwa Siraji, mkono umefungwa juu kama mtoto anayeomba ruhusa darasani. Ulikuwa mwaka wa tohara ya vijana wa Kigisu huko Mbale. Vijana walipita nje ya hospitali na njuga zao mapajani, wakiimba, na wodi nzima ilinyanyua vichwa kuwasikiliza. Mimi nilisikia njuga tu, kwa sababu Sauda alikuwa ameketi pembeni ya kitanda changu na sikutaka kugeuka.

Kila anayelazwa anahitaji mtu wake wa kumpikia, kumwogesha na kumkimbilia mambo. Binti zangu walikuwa mbali na wana watoto wachanga. Akabaki Sauda. Ni mwanamke mfupi, mwenye shingo nzuri na sauti ya chini. Alikuja kila asubuhi na chupa ya chai ya tangawizi, mtoto wake Shamimu wa miaka miwili mgongoni. Siku ya kwanza aliniletea malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayopika Wagisu kwa karanga. Nilisema sina hamu, nikampa mgonjwa wa kitanda cha pili. Yule bibi alikula akifumba macho. Harufu ilinifikia na njaa ilikuwa inanikata. Siku ya pili Sauda aliweka sahani mbele yangu.

"Mama Rehema, wewe kula. Chakula haina kosa."

Nikala. Kilikuwa kitamu kuliko kitu chochote nilichowahi kupika, na machozi yalinitoka kwa hasira. Nikasema ni pilipili. Hapakuwa na pilipili.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, anayeuliza jambo moja mara nyingi. Alichukua usaha kwa kijiti cha pamba, akasema tungoje siku kadhaa. Majibu yalipokuja alivuta kiti.

"Mama, hii mdudu imezoea dawa nyingi. Imebaki dawa mbili tu, na moja ni kali kwa figo. Mimi nataka jua ulimeza nini na siku ngapi. Dawa ya kwanza ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Nyumbani iko wanyama?"

Nilijibu haraka mno. "Mke mwenzangu ana mbuzi. Na kuku. Malukhu kote kuna mbwa."

Tangu aliposema mdudu nilikuwa nimekwisha kumchagulia kwao, Malukhu. Siraji anatoka Malukhu na vumbi la Malukhu, analala kwangu, mimi naugua. Nililipenda wazo hilo. Nililala nalo kama mto.

"Nauliza nyumbani kwako," daktari akasema. "Na sindano nikichagua vibaya, hiyo kidole inaenda. Pengine mkono pia."

Sauda alichukua vyombo akatoka kuviosha. Nikaona nafasi yangu. Nilimweleza daktari yote kwa sauti ndogo: kopo la vifungo, pasi ya uongo, wiki za kumeza na wiki za kuacha, Afande na unga wa sikioni na mukene. Sikuwahi kumwambia mtu aibu kubwa kuliko hiyo. Hakucheka. Aliandika muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo dawa pia ilikuwa na zamu." Nilipoinua macho Sauda alikuwa amesimama nyuma yake na sahani inayochuruzika maji.

Nilingoja aende kwa Siraji. Nilijua ningefanya hivyo mimi. Ningekwenda mbio, bila kufuta mikono.

Daktari alitaka kujua mdudu kapita wapi. Alitupima sote kwa vijiti vya pamba, puani: mimi, Siraji, Sauda, na yule mtoto. Siraji alirudi Jinja akamleta Afande ndani ya kikapu cha vitunguu kilichofungwa kamba, akilia njia nzima, na daktari wa mifugo akampima masikio na pua. Yule yule mdudu aliyekuwa kidoleni kwangu alikuwa sikioni mwa paka. Alikuwa puani mwa Siraji. Sauda hakuwa naye. Kuhusu mtoto daktari aliongea na Sauda peke yake, kando ya dirisha, na sikusikia.

"Ni paka aliniambukiza?" nikauliza.

"Inaweza. Ama ni wewe ulimpa paka. Mnalala kitanda moja, mnakula dawa moja. Mwanzo wake siwezi jua." Alisema tusimuue Afande. Atatibiwa naye, asilale kitandani, na mikono ioshwe kwa sabuni kila akiguswa.

Walinipasua mara mbili kuondoa nyama iliyokufa. Kisha ikaja dripu ya ile dawa iliyo kali kwa figo, asubuhi na jioni, siku ishirini na moja. Nilikojoa kwenye chupa ili waangalie figo. Nywele zilipukutika, bangili zangu zikapita hadi kwenye kiwiko. Siku ya tisa niliamka nikaona nimelala usiku mzima. Siku ya kumi na mbili bibi wa kitanda cha pili akasema chumba hakinuki tena, na nilimshukuru kama mtu aliyenipa mali. Dozi hiyo niliimaliza mbele ya watu, kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wote.

Daktari hakunipa ruhusa ya kurudi Jinja. Nilitakiwa kufungwa kidonda kila siku kwa wiki sita na kuonekana kila Alhamisi. Kwa hiyo nilihamia Malukhu, nyumbani kwa Sauda, mahali nilipokuwa nimepapiga picha kichwani miaka mitatu. Pazia zilikuwa za kitambaa kilekile alichonipa Siraji. Nilipima upana wake kwa macho. Alipewa yadi sawa na zangu.

Sasa likaja swali la Siraji alale kwa nani. Wake wawili chini ya paa moja, wiki ya nani? Aliwaza siku nzima, kisha akachukua blanketi akaenda kulala dukani, juu ya majora ya vitambaa, na Afande, aliyewekwa huko mpaka apone, akalala karibu yake. Kwa wiki sita zamu zote zilikuwa za paka. Sauda ndiye aliyeanza kucheka, jikoni, nami nikacheka kabla sijajizuia.

Kila asubuhi alivaa glavu, akaniosha kidole kwa maji ya chumvi, akakifunga. Alikuwa na mkono mwepesi. Nilitafuta kosa lake kila siku. Siku moja mtoto alikimbia mbele yetu bila nguo, nikaona pajani pake makovu mawili ya duara, mekundu bado.

"Shamimu aliumwa nini?"

"Majipu," Sauda akasema bila kuinua kichwa. "Tangu mvua ndefu. Ilipona, ikarudi. Sasa daktari amempa dawa ya kweli."

Nilianza kuhesabu, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza. Mvua ndefu. Siraji anatoka kwangu, analala kwake, anambeba mtoto. Nilikuwa nimemngoja mdudu atoke Malukhu kuja Jinja, kumbe safari ilikuwa ya upande wa pili, na alikuwa amemkuta mtoto huyu.

"Ulijua ni kutoka kwangu?"

"Daktari alisema, pale dirishani."

"Na hukuniambia kitu. Hata Siraji hukumwambia habari ya kopo."

"Ningesema, wewe ungelala? Mgonjwa anataka usingizi." Alikata plasta kwa meno. "Na mimi pia nina kopo, Mama Rehema. Yangu iko kwa unga. Siraji akiwa hapa nilificha chupa ya dawa ya mtoto, nikamvalisha nguo ndefu. Akienda kwako, nampa. Nilijua akiona mtoto mgonjwa usiku analia, atasema, wacha niende Jinja mapema, nyinyi mpumzike."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Ukweli ni kwamba nilipatwa na wivu mpya, mkali kuliko wote. Nilidhani angalau ule ujinga ulikuwa wangu peke yangu. Na alikuwa amenivumilia siku zote hizo kwa kosa lililomfika mtoto wake, akinipikia malewa, wakati mimi nilimhesabia saa. Hata katika kukosewa alinishinda. Nililia, naye akanishikilia mkono juu ili bandeji isilowe.

Jioni hiyo tulimwita Siraji, tukamweka kwenye kiti, tukamwambia yote, ya kopo la vifungo na ya kopo la unga. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi nilikuwa naondoka ili mpumzike," akasema. "Nilidhani ndiyo huruma."

Tulikubaliana kwamba dawa ya mtu yeyote itawekwa mezani, wazi, pamoja na chumvi. Na anayeugua hapotezi siku zake. Siraji atabaki mpaka mgonjwa amalize dozi, hata kama Jumapili imefika. Mimi nililikubali hilo upesi sana, kwa sababu wakati huo mgonjwa nilikuwa mimi.

Nilirudi Wanyange kiangazi. Afande yuko nami, sikio moja fupi, na analala kibarazani wiki zote. Mara ya kwanza alilia mlangoni na mimi nililia upande wa ndani. Nashona tena, polepole, na magomesi yangu yamenyooka mabegani.

Wewe mwenye kidonda, meza dawa yako yote, mchana kweupe, mbele ya mtu unayemwogopa zaidi. Usimgawie paka. Mengine atakuambia daktari wako, nami sina elimu ya kuyaongeza.

Jumapili iliyopita nilipika mchuzi wa sangara tangu asubuhi, nikatandika shuka jipya. Saa sita Siraji akapiga simu. Sauda ana kichomi, wamempa dawa ya siku tano, ndiyo kwanza ameanza. Nyuma yake, kwa mbali, nilimsikia Sauda akisema, "Mwambie unakuja. Mimi niko sawa." Niliijua sauti hiyo. Ni ile niliyosemea habari ya pasi.

"Usimsikilize," nikamwambia. "Baki mpaka amalize."

Nikafunika sufuria, nikatoka kibarazani. Siku tano, na zote zilikuwa zangu. Nilizihesabu moja moja, kwa kidole kile kisichonyooka.